Nafasi ya Kumi na Mbili Ukutani

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Leo mkutano wa wazazi. Mwalimu Mkuu Restuta katangaza kwamba shule yetu inatimiza miaka hamsini, sherehe ni Jumamosi ya tarehe 23. Kwenye ukuta wa maktaba mpya (kile chumba kilichokuwa cha majembe) yatabandikwa maisha ya watu mashuhuri kumi na wawili wa kijiji hiki. Kila mtu nusu ukurasa na picha yake. Fani moja mtu mmoja: mkunga, mpiga ngoma, mkulima, golikipa, hivyo hivyo. Akauliza nani ana muda wa kuzunguka na kuandika.

Nikanyoosha mkono kabla hajafunga mdomo. Leonadi fundi baiskeli akasema kutoka nyuma, "Mpeni Mjomba. Muda ndicho kitu pekee alichonacho." Watu wakacheka. Wivu huo. Mimi kijiji kizima kinaniita Mjomba. Yeye hata wapwa zake wanamwita Fundi.

Kazi nimepata. Baada ya mkutano nikamuuliza Mwalimu, kwa sauti ya chini, kama mwandishi naye anaruhusiwa kuwamo. Akasema nafasi kumi na moja kamati imeshazijaza. Ya kumi na mbili iko wazi, ila Leonadi ameshaiomba kwa ajili ya mbio zake za baiskeli. Atakayeingia, maisha yake yathibitishwe na watu wawili wasio ndugu zake.

Hapo ndipo pagumu. Kijiji hiki nani si ndugu yangu? Wasio ndugu ni watani, na mtani akikutolea ushahidi, heri hakimu akufunge tu.

Niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Jina langu limesomwa pale shuleni mara nyingi sana, kwenye orodha ya watoro. Niliishia darasa la tano. Siku wenzangu wa darasa la saba wanaitwa mbele mmoja mmoja kupewa vyeti, mimi nilikuwa juu ya mkorosho nje ya uzio, nasikiliza. Leonadi aliitwa. Kisha nikashuka. Nilishuka haraka kidogo, kwa sababu ya nyoka. Hakuna aliyeniona.

Ukuta ule nitaupanda.

Jumatano, 13 Agosti

Nimeanza kazi. Kanzu nyeupe, daftari, kalamu mbili, moja ya sikioni.

Kwanza kwa Bibi Flora, mkunga. Nikamkuta kaketi na binti yake wanapepeta mbaazi. Shikamoo, marahaba, nikafungua daftari. Nikauliza: alizaliwa mwaka gani, ameolewa mara ngapi, ana watoto wangapi walio hai, watu watamkumbuka kwa lipi. Binti akaachia ungo. Mbaazi zote chini. Akaanza kulia, akaniuliza hospitali wameniambia nini ambacho wao hawajaambiwa.

Maana huku kwetu maswali hayo huulizwa mara moja tu, mhusika akiwa ameshafunikwa shuka, na kuna mtu pembeni anaandika karatasi ya kusoma makaburini. Nilieleza mpaka koo likakauka. Bibi Flora ndiye aliyeelewa. Akasema amepokea watoto mia nne, na mimi mmoja wao. "Ulitoka unapiga kelele, baba, na mpaka leo hujanyamaza."

Nimeandika elfu nne. Mapacha huongeza hesabu.

Kisha kwa Mzee Kornelio, mpiga ngoma. Nilipofika kwenye neno "alizaliwa" akabeba ngoma yake, akaingia ndani, akatia komeo. Akasema kupitia mlangoni, "Nassibu, kamzike baba yako kwanza ndipo uje kwangu." Nikamjibu kwa adabu kwamba baba yangu alizikwa zamani. Akasema basi nimfuate.

Nimemwandika kwa kichwa changu. Inasemekana ngoma yake ikilia ilisikika mpaka Mtama. Nimeandika Lindi mjini. Upepo wa miaka ile ulikuwa na nguvu.

Jioni mke wangu Moza akasema niache. Akasema maisha ya mtu husomwa akiwa kaburini, ukimsomea angali hai unamwita mgeni asiyealikwa. Nikamwambia huko ni kukosa kutembea. Mimi nimekaa Kilwa. Nimemwongoza mzungu kwenye magofu, akaniuliza nimesomea chuo gani. Moza akasema ugali unapoa.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimepeleka maisha ya watu kumi na mmoja. Mwalimu Restuta kavaa miwani, katoa kalamu nyekundu. Ishara mbaya.

Akasoma. Akahesabu. Akasema katika watu kumi na mmoja jina la Nassibu Lipwata limetokea mara kumi na saba. Golikipa Stefano, "aliyejifunza kudaka kwa kurushiwa mapapai na Nassibu". Muuguzi Witness, "ambaye kidonda cha kwanza kukiona maishani kilikuwa cha Nassibu". Mkulima Benedicto, "aliyepanda mikorosho mia tatu baada ya kutazamwa kwa matumaini na Nassibu". Akauliza hilo la kutazamwa lina maana gani. Nikasema historia haiwezi kumwacha nje aliyekuwepo.

Kanikata kote. Karatasi zangu zimerudi kama mahali palipochinjwa kuku.

Nikauliza habari ya nafasi ya kumi na mbili. Akasema mwisho Jumatano, na akanionyesha karatasi ya Leonadi. Imekamilika! Mashahidi wawili, katekista na fundi redio wa Milola, sahihi zote zipo. Picha pia. Leonadi kavaa koti, kashika pampu ya baiskeli kifuani kama askari ameshika bunduki. Mbio zenyewe alishika nafasi ya pili. Walikuwa watatu, mmoja kapata pancha.

Sikula mchana. Nilikula saa kumi.

Jumapili, 17 Agosti

Siku nzima shambani tukifyeka chini ya mikorosho. Moza alifyeka, mimi nilifikiri. Ni kugawana kazi.

Na nimepata!

Issa. Yule mwenye pikipiki yenye spika, anayetangaza dawa ya panya, mpira wa kwenye video, na misiba. Jumanne ni gulio Milola. Issa akipita kijijini asubuhi na kisha gulioni akiyasoma maisha yangu, na mamia ya watu wakasikia, na asitokee wa kupinga, basi mamia hao wote ni mashahidi. Mwalimu ametaka wawili. Nitampa Tarafa nzima.

Nimeandika usiku kucha mpaka mafuta ya taa yakaisha. Mtindo nilioutumia ni ule wa makaburini, kwa kuwa ndiyo maisha pekee niliyowahi kusikia yakisomwa, na ni mtindo mtamu. Hakuna mtu mbaya katika mtindo ule. Nanakili kipande:

"Ndugu Nassibu bin Hamisi Lipwata alizaliwa mwaka 1971. Alikuwa mtu wa watu. Alipenda ushauri, hasa kuutoa. Alifanya kazi Kilwa ambako wageni walimlilia alipoondoka. Hakuwahi kumkosea mtu. Kijiji hakitapata mwingine kama yeye. Mwenyezi Mungu amlipe kwa yote aliyotutendea."

Nimeisoma mara tano. Mara ya tano machozi yalinitoka.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimempa Issa karatasi. Nikamwambia asome polepole, kwa sauti ya heshima, si ile ya panya. Akaitazama, akanitazama, akauliza kama ndiyo hivi ilivyo. Nikamwambia asiguse hata nukta. Akasema yeye kazi yake kusoma. Kijana wa nidhamu.

Sasa picha. Lazima nipige Lindi, studio, na lazima niwe na koti. Koti zuri kijijini ni moja, la Leonadi. Nimemwendea, nikamwambia nina harusi Mtama. Alisita. Nikamsifia pampu. Akanipa, akasema nisilikalie.

Kesho natoka alfajiri. Simu naiacha nyumbani. Inavimbisha mfuko wa koti.

Jumanne, 19 Agosti

Mkono unauma, lakini niandike yote kwa mpangilio.

Alfajiri nikaondoka. Lindi salama. Mpiga picha akauliza nyuma yangu nataka nini, maporomoko ya maji au ngazi ya ndege. Nikachagua ndege. Nikatokea kama waziri anayerudi. Njiani kurudi nikashuka Mitwero, nikala chapati tatu na maharage kwa utulivu wa mtu aliyemaliza kazi.

Nikiingia kijijini, kama saa tisa, nikakutana na wanawake wawili wamebeba kuni. Mmoja akaniona, akatupa mzigo, akakimbilia muhogoni. Mwenzake akamfuata bila kuuliza. Nikasema moyoni, koti hili.

Kufika karibu na kwangu: mikeka. Wanaume wameketi mpaka barabarani. Masufuria makubwa matatu jikoni. Nikajua tangazo limefanya kazi, wamekuja kunipongeza. Nikapita nyuma ya uzio wa mabua ili nisikilize kwanza sifa kabla ya kuzipokea. Mtu mstaarabu haingii katikati ya sifa.

Ndipo nikamwona Moza. Kafunikwa kanga mbili, kaegemea ukuta, wanawake wamemshika kila upande.

Nilikuwa nimekufa.

Nilikuwa nimekufa mara tatu, kwa jinsi walivyokuwa wakisimuliana. Mmoja alisema lori limenigonga karibu na Mitwero. Mwingine alisema moyo, Lindi, mbele ya benki. Wa tatu alisema nimekabwa na chapati. Huyo wa chapati alinishtua, kwa sababu chapati zilikuwa kweli. Shehe aliuliza mwili unafika saa ngapi. Issa alikuwa pembeni anaapa kwamba alisoma alichopewa, na alipewa na marehemu mwenyewe, jana, kwa mkono. Wazee wakasema basi alijua. Wakatikisa vichwa. Wakasema watu wema huwa wanajua.

Nilitaka kutoka pale pale. Wallahi nilitaka. Mguu mmoja nilishaunyanyua.

Lakini Leonadi akatokea makaburini, tope mpaka magotini, jembe begani. Akamwendea Mwalimu Restuta, akasema mbele ya watu wote, "Mwalimu, ile nafasi mpe yeye. Mimi bado napumua, nitapata nyingine. Nassibu alikuwa mwongo, lakini alikuwa mwongo wetu." Akaongeza, "Na koti langu amekwenda nalo." Hapo akalia. Nisimdhulumu, alikuwa ameanza kulia kabla ya koti.

Mguu nikaushusha. Mtu gani hupata bahati hii?

Kisha akaingia Bi Consolata, mtani wetu wa ukoo. Mwenye kujua desturi yetu anajua: msibani mtani hazuiwi. Alivaa suruali yangu ya kijani, kofia yangu, na mto wa kitanda changu kautia tumboni. Akatembea kama mimi. Watoto wakashangilia. Akazuia njia ya jikoni, akasema hakuna kula mpaka apewe kuku, na marehemu alikuwa na kuku wengi, wengine mpaka wa jirani. Akapewa kuku. Akaanza kusimulia maisha yangu.

Akasema Kilwa nilikaa siku mbili. Akasema nilimwongoza mzungu kwenye magofu, tukapotea, mzungu akanirudisha. Akasema mahari ya Moza nililipa kwa mdomo mtupu mpaka wakwe wakachoka kusikiliza, wakanipa binti ili niondoke. Hata Moza, chini ya kanga, mabega yalitikisika, sijui kwa kipi.

Kisha akashusha sauti. Akasema, "Sasa mnalijua la mkorosho?" Akasema siku ya vyeti yeye alikuwa darasa la tatu, kaketi dirishani, ananiona juu ya mti nje ya uzio. Mwalimu akaita "Nassibu". Alimwita Nassibu mwingine, mtoto wa Namahala. Lakini huyu wa juu ya mti akaitika. "Nipo, Mwalimu!" Mikono miwili juu. "Sasa niambieni, jamaa zangu," akasema, "mikono yote miwili iko juu, tawi limeshikwa na nani?"

Walicheka mpaka wakalia, na waliokuwa wanalia wakacheka. Miaka arobaini nilidhani hakuna aliyeona. Nikasikia sauti ikisema, "Uongo! Alikuwa nyoka! Nyoka wawili!" Ilikuwa yangu. Na kichwa changu kilikuwa juu ya uzio.

Macho yote yakageukia uzio.

Wa kwanza kukimbia ni Shehe. Mzee Kornelio, mwenye miaka themanini kasoro na fimbo, alimpita Stefano golikipa kwenye kona. Sufuria moja ilimwagika. Bi Consolata alibaki kasimama na mto wangu na kuku wake, akanitazama, akasema, "Hata kufa hujui."

Moza hakukimbia. Alinijia taratibu. Akanishika uso kwa mikono miwili, akaupapasa wote, mashavu, masikio. Akanusa chapati. Kisha akaenda jikoni akarudi na mwiko, ule mkubwa wa msibani, wa kusonga ukiwa umesimama.

Alhamisi, 21 Agosti

Moza hasemi na mimi. Alisema sentensi moja tu tangu juzi: "Nilikulilia saa sita. Nirudishie." Sijui mtu hurudishaje saa. Nimempelekea maji ya kuoga. Ameyaogea, hakusema ahsante.

Kaburi lililochimbwa halifukiwi tupu. Wazee wameagiza gogo la mgomba lizikwe badala yangu, la urefu wangu. Nilikwenda, nikasimama pembeni. Dua fupi. Leonadi alifukia kwa nguvu isiyo ya lazima.

Kisha akamfuata Mwalimu Restuta, nami nikamfuata yeye. Akataka nafasi yake. Akasema alitoa kwa maiti, maiti hayupo. Mwalimu akamjibu kwamba maneno ya msibani hayarudishwi, hata watoto wanajua. Akasema tena mashahidi wawili wasio ndugu wamepatikana: yeye Leonadi na Bi Consolata, na kijiji kizima kilisikia na hakuna aliyepinga isipokuwa marehemu.

Niliona mbingu zinafunguka. Nikamkabidhi ile karatasi ya Issa pamoja na picha ya ndege.

Picha akapokea. Karatasi akanirudishia. Akasema kilichothibitishwa ni maisha aliyosimulia Bi Consolata, na ndiyo yatakayobandikwa, mkorosho ukiwamo. Nikapinga. Nikataja heshima, wapwa, nyoka. Akasema ama hayo, ama pampu ya Leonadi.

Nikakubali. Sikufikiri muda mrefu.

Jumamosi, 23 Agosti

Sherehe. Mahema mawili. Ofisa Elimu kaja. Koti bado ninalo, nimelivaa. Leonadi alikuwa ananitazama mabegani tu.

Mwalimu alisoma mmoja mmoja. Bibi Flora, watoto mia nne (kapunguza). Mzee Kornelio alipoitwa aligusa kwanza kifua chake, kuhakikisha. Mimi niliketi mwishoni mwa benchi. Wa tisa. Wa kumi. Wa kumi na moja.

"Wa kumi na mbili. Nassibu Hamisi Lipwata. Fani: Masimulizi."

Tuliambiwa tusimame kimya, tuiname, tuketi. Nilijua. Nilikuwa nimejizoeza mbele ya kioo. Lakini jina lile, katika uwanja ule, kwa sauti ya mwalimu! Nikasikia mtu anaitika "Nipo, Mwalimu!" na mikono yangu yote miwili iko juu. Wenzangu wanne wa benchi wakasimama kunipigia makofi. Mimi nilikuwa bado nimekaa, mwishoni. Benchi likainuka upande wao.

Nikiwa chini nikamsikia Bi Consolata, "Nyoka huyo tena!"

Uwanja mzima ukacheka. Hata Ofisa Elimu alifuta macho.

Moza ndiye aliyekuja kuninyanyua. Akanikung'uta vumbi la koti. Akasema, "Umesikika, baba. Umesikika." Siku nne hajasema nami ila ile sentensi moja, na hilo ndilo alilochagua. Sikupata la kujibu. Imenitokea mara ya kwanza, naiandika hapa kwa kumbukumbu.

Jumapili, 24 Agosti

Alfajiri nimekwenda maktaba peke yangu. Nimo. Nafasi ya kumi na mbili, karibu na dirisha, ngazi ya ndege nyuma yangu. Nimesoma mara sita. Si mbaya. Kwenye mkorosho nimeongeza kwa kalamu, herufi ndogo: "na nyoka wawili". Ukweli lazima ulindwe.

Wakati narudi nilipita makaburini, nikaliona kaburi langu. Limekaa vizuri, refu kuliko la baba. Ndipo nikakumbuka. Nimezikwa Alhamisi, lakini msiba ulianza Jumanne. Nikahesabu kwa vidole, kisha kwa kalenda. Arobaini yangu inaangukia tarehe 27 Septemba. Na ni Jumamosi!

Haiwezekani msiba mkubwa vile ukaisha bila arobaini. Watu wa Mtama na Mitwero hawakupata nafasi ya kufika. Bi Consolata atasimulia tena, na safari hii nitakaa mbele, nimsahihishe taratibu. Leonadi asiulize koti mpaka hapo.

Nimeshamwandikia Issa tangazo jipya, kwa mtindo uleule, maana ulizaa matunda. Na sirudii kosa. Nimeandika wazi kabisa kwamba niko hai. Nimeyaweka maneno hayo mwisho, mstari wa chini, ili watu wasikilize mpaka tamati.

Moza sijamwambia. Nataka aisikie kwenye spika.